Ngome ya Isike katika Bustani ya Berlin

Mwezi Mei mwaka 1896 wakazi wa Berlin walianza kumiminika katika bustani ya Treptow, kando ya mto Spree, kutazama maonyesho makubwa ya viwanda. Palikuwa na mitambo na taa za umeme, mtaa mzima uliojengwa kuiga Cairo na kujazwa mamia ya Wamisri, na darubini ya urefu wa mita 21 ambayo ipo pale hadi leo. Ukizunguka upande wa bwawa la samaki ulifika mahali palipoitwa Maonyesho ya Makoloni, na hapo ilisimama ngome ya Kinyamwezi. Wajerumani walikuwa wameijenga upya ngome ya Mtemi Isike wa Unyanyembe, wakaipa jina lake lile lile kwa tahajia yao: Quikuru qua Sike, yaani kwikuru kwa Isike, makao ya mtemi.

Mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa Isike alikuwa nani. Sisi wengine tukumbushane. Alitawala Unyanyembe wakati njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji na kwenda Ziwa Victoria ilipita mlangoni kwake, na hakuna pembe ya ndovu wala bunduki iliyovuka nchi yake bila yeye kujua. Wajerumani walipotaka kuishika Tabora walilazimika kumwondoa. Mwaka 1892 walimshambulia zaidi ya mara moja, kuta za ngome zikawashinda. Januari 1893 Luteni Tom von Prince alirudi na askari wake, wakaingia. Isike alipoona adui amekwisha kuvuka ukuta aliingia katika ghala lake la baruti na kuliwasha moto.

Kati ya moto ule na ufunguzi wa Treptow ilipita miaka mitatu tu. Majivu ya Tabora hayajapoa vizuri, na tayari mji mkuu wa mshindi una nakala ya ngome, na kandokando yake wapo watu wa Afrika Mashariki walio hai, walioletwa kwa meli ili watazamwe. Mmoja wa waandaaji wakuu wa maonyesho yale, Graf von Schweinitz, hakuwa mgeni na habari hizi. Alikuwa ameongoza msafara wa kamati ya Kijerumani ya kupinga utumwa kwenda Ziwa Victoria, na alipita Tabora wakati vita na Isike vinaendelea.

Nasema haya mwanzoni kwa sababu maonyesho ya watu husimuliwa mara nyingi kama kisa cha ushamba wa Ulaya, watu waliopenda vioja. Mimi sioni hivyo. Treptow ilikuwa risiti ya vita. Serikali ilikuwa imetumia fedha za walipa kodi kupigana mbali, na sasa ilibidi iwaonyeshe kilichonunuliwa: kahawa, katani, pembe, mbao, ngome ya mtemi, na watu.

Naandika kutoka Guta, wilaya ya Bunda, ambapo Ghuba ya Speke inaingia nchi kavu na kisiwa cha Ukerewe kiko ng'ambo. Jina la ghuba nalo lilitoka mbali. Speke aliliona ziwa mwaka 1858 akiwa upande wa Mwanza. Ni Stanley, alipolizunguka kwa mashua mwaka 1875, aliyeamua kwamba maji haya yaitwe kwa jina la Mwingereza mwenzake. Wajita, Wakerewe na Wasizaki walikuwa wakivua humu siku zote bila kumjua mmoja wala mwingine.

Ghuba hii ina sehemu katika kisa cha Treptow. Mwaka 1892 msafiri Mwaustria aliyeitwa Oscar Baumann alishuka katika bonde la Ngorongoro, akavuka Serengeti, akatokea kwenye Ghuba ya Speke. Alichokikuta njiani kinatisha mpaka leo ukikisoma. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe, na ndui ikafuata watu. Wamaasai waliobaki walijikokota kuzunguka kambi ya msafara wakitafuta mabaki ya nyama. Wanawake wamebaki mifupa, watoto macho matupu, na wazazi wengine wakataka kuwatoa watoto wao ili wapate chakula. Njaa hiyo iliwasukuma wengi waingie katika nchi za wakulima wa upande huu wa ziwa, na koo kadhaa za Mara zina habari za mgeni aliyepokelewa wakati wa njaa na kuwa ndugu.

Miaka minne baadaye Wamaasai wachache walikuwa Berlin, wamewekwa mbele ya umati kama mashujaa wa vita wasiojua hofu. Mtazamaji aliona mkuki na ngao. Hakuambiwa kwamba aliyeushika mkuki ule alikuwa wa kizazi kilichotoka kuzika ng'ombe wote na nusu ya ukoo. Wala hakuambiwa kwamba watu wa nyanda hizo hawakuwa wamewahi kuishi peke yao na simba wao, bali walibadilishana ngozi, nafaka, chumvi na wake na wakulima wa huku ziwani kila mwaka wa mvua nzuri.

Watu wote waliopelekwa Treptow kutoka makoloni walikuwa 106. Walitoka Togo, Kamerun, Afrika ya Kusini-Magharibi, Guinea Mpya na Afrika Mashariki ya Kijerumani. Wa kwetu waliandikwa katika makundi mawili, Waswahili na Wamaasai. Tunajua vizuri kwamba mji wa pwani wa miaka ile ulikusanya wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma, Wazaramo, Wamanyema na watu waliowahi kuwa watumwa, wote wakisema Kiswahili. Karatasi za Berlin ziliwapa jina moja.

Walikwenda kwa mkataba. Jambo hili linafaa kukaziwa, maana wengi hudhani walitekwa. Waliahidiwa mshahara, chakula na nauli ya kurudi. Wengine walikuwa na elimu ya misheni, wengine wakristo wa kizazi cha pili, wengine watoto wa watawala. Friedrich Maharero, mtoto wa Samuel Maharero wa Waherero, alikubali kusafiri kwa sababu baba yake alitaka atazame nguvu za Ujerumani kwa macho yake na kujenga uhusiano na mfalme wao, na kweli alikutana na Kaiser Wilhelm wa Pili. Yeye alijiona mjumbe. Waandaaji walimwona sehemu ya kijiji.

Hapo ndipo ugomvi ulipoanzia. Mkataba ulikuwa mmoja, lakini kila upande uliusoma kwa njia yake. Watu walifika wamevaa suti, kanzu safi, kofia, magauni. Wakaambiwa wavae ngozi na majani. Walitakiwa kupiga ngoma kwa saa zilizopangwa, kupika mbele za watu, kucheza vita vya maigizo, kulala katika vibanda ambavyo baridi ya Mei iliingia bila kubisha. Wenye nyumba za mawe Duala au Dar es Salaam waliambiwa waigize maisha yao katika vibanda vya nyasi. Baadhi yao waliugua, na si wote waliopanda meli ya kurudi. Wako waliofia Berlin.

Kwelle Ndumbe, kijana wa Kamerun aliyeitwa pia Bismarck Bell, hakukubali kutazamwa tu. Alinunua kioo cha kutazamia, kile kinachotumiwa kwenye majumba ya michezo, akasimama ndani ya uzio na kuanza kuwatazama watazamaji mmoja mmoja. Nikisoma habari zake namwona vizuri kuliko ninavyoona picha zote za Treptow. Watu walilipa kiingilio, na sasa kuna mtu anawachunguza mavazi, vitambi na masharubu yao, bila haraka.

Mwingine wa Kamerun, Martin Dibobe, alibaki baada ya maonyesho pamoja na wenzake wapatao 20. Alijifunza ufundi wa vyuma, kisha akawa dereva wa treni za mjini Berlin, Mwafrika mwenye sare ya shirika la reli. Mwaka 1919, Ujerumani iliposhindwa vita na bunge jipya lilipokuwa Weimar, yeye na Waafrika wengine 17 walipeleka waraka wenye madai 32: haki sawa, kukomeshwa kwa viboko na kazi za kulazimishwa, mishahara ya haki, mwakilishi wa Waafrika bungeni. Mtu aliyeletwa kuwa kielelezo cha ushenzi alikaa akawaandikia watawala wake waraka wa sheria.

Lakini mwenye sauti kubwa kuliko wote Treptow alikuwa mtu mwenye kipimo mkononi. Felix von Luschan, daktari na mtaalamu wa makumbusho ya Berlin, aliona katika kijiji cha maonyesho nafasi ambayo hangeipata tena: watu wa makoloni yote mahali pamoja, katika mji wake mwenyewe. Akapima vichwa, pua, urefu, mikono. Akaandika majina na vipimo, akapiga picha za mbele na za ubavuni. Kitabu chake kilitoka mwaka uliofuata. Ndani yake analalamika: watu wengi hawakutaka kupimwa, na wengi zaidi walikataa kupigwa picha bila nguo zao za Kizungu. Walikaa mbele ya kamera wakiwa wamevaa walivyotaka wao.

Ni malalamiko hayo yaliyotuhifadhia ushahidi wa kukataa. Luschan alidhani anaandika kuhusu ugumu wa kazi yake.

Nje ya bustani, Berlin ya mwaka huo ilikuwa ikibishana juu ya nchi yetu kwa ukali. Mwezi Machi 1896, wiki chache kabla ya ufunguzi, August Bebel wa chama cha wasoshalisti alisimama bungeni akaeleza jinsi Carl Peters, mtu aliyejifanya mwanzilishi wa koloni, alivyowanyonga kule Kilimanjaro mtumishi wake Mabruk na mwanamke aliyeitwa Jagodja. Magazeti yaliwaka. Peters alifukuzwa kazi mwaka uliofuata. Kwa hiyo wale waliokuja kutazama ngome ya Isike siku za Jumapili walikuwa wamekwisha soma. Umati ule haukukosa habari. Uliletewa mambo mawili kwa pamoja, kesi na tamasha, na tamasha lilikuwa na muziki.

Maonyesho yalifungwa Oktoba 15. Miaka mitano baadaye, mwaka 1901, serikali ya Ujerumani ilikataza watu wa makoloni yake kuchukuliwa kwa ajili ya kuonyeshwa. Ningependa kuandika kwamba walijuta. Sababu yao kubwa ilikuwa nyingine: mtu aliyekwisha kuishi Berlin, akaona Mzungu mlevi, Mzungu ombaomba, Mzungu anayezoa takataka, akirudi kwao hamheshimu tena afisa wa wilaya kama zamani. Waliogopa alichokwenda kukitazama Kwelle Ndumbe.

Wafanyabiashara wa maonyesho wakageukia watu wa makoloni ya wengine. Wasomali walizunguka Ulaya miaka mingi, na mwaka 1904 kijiji chao kilijengwa katika mji wa Bradford, Uingereza. Walifundisha watoto wao pale, walisali, waliuza kazi za mikono. Moto ukaunguza vibanda vyao, nao wakadai fidia ya mali yao kama mpangaji yeyote. Binti mmoja alifariki na kuzikwa katika mji ule wa mvua.

Mwaka huo huo wa 1904, upande wa pili wa Atlantiki, Marekani ilifanya jambo la Treptow kwa ukubwa mara kumi. Katika maonyesho ya dunia mjini St. Louis waliletwa zaidi ya Wafilipino 1,000 wakawekwa kwenye eneo la ekari 47. Historia yao inafanana na yetu kiasi cha kushangaza. Mwaka 1898 Hispania ilishindwa vita, Marekani ikailipa dola milioni 20 na kuchukua visiwa vya Ufilipino. Wafilipino, waliokuwa wamekwisha kutangaza jamhuri yao, walipigana na mtawala mpya kuanzia Februari 1899. Vita vilitangazwa kwisha Julai 1902. Mei 1904 walionusurika na waliowatumikia washindi walikuwa Missouri, wamepangwa kijiji baada ya kijiji.

Mpangilio wenyewe ulikuwa na maana. Uliingia ukakuta watu wa milimani walioitwa Waigorot na watu wafupi wa msituni. Ukasonga ukakuta Waislamu wa kusini, kisha Wakristo wa Visaya wenye vinanda na vitambaa vilivyotariziwa. Mwisho askari wa Kifilipino waliofunzwa na Marekani wakipiga gwaride, na bendi ya polisi iliyoongozwa na Walter Loving, Mmarekani mweusi, iliyokuwa miongoni mwa bendi bora za maonyesho yote. Mtazamaji alitakiwa atembee kutoka wa kwanza hadi wa mwisho na ajiambie kwamba nchi yake inawapandisha watu ngazi. Hakutembea hivyo. Alikimbilia kwa Waigorot, kwa sababu magazeti yalimwambia wanakula mbwa.

Waigorot walichinja mbwa kwao katika ibada, kwa siku na sababu maalumu, kama vile huku mbuzi wa tambiko hachinjwi kwa ajili ya kitoweo tu. St. Louis waligeuziwa ibada kuwa ratiba. Na kulikuwa pia na wanafunzi wa Kifilipino waliokuwa Marekani kwa masomo, waliofanya kazi ya kuwaongoza wageni. Vijana hao waliona aibu na hasira pamoja: waulizwe kila siku kwa nini hawafanani na wale wa vibandani, kana kwamba taifa zima lingeingia katika kibanda kimoja. Nao askari wa Kifilipino, wenye sare na nidhamu, walipotembea bustanini na wanawake wa Kizungu waliokuja kuwasalimu, walishambuliwa na wanajeshi wa Kizungu. Kumbe ngazi waliyoonyeshwa ilikuwa na mwisho, na mwisho wake ulilindwa kwa ngumi.

Kuna walioendelea kuteseka baada ya maonyesho kufungwa. Mwaka 1905 Truman Hunt, daktari aliyekuwa msimamizi wa kijiji cha Waigorot, alirudi na kundi lingine, akalizungusha katika miji na viwanja vya starehe vya Marekani. Alichukua mishahara yao. Mwaka 1906 alikamatwa na kushtakiwa, na Waigorot wenyewe wakasimama mahakamani kutoa ushahidi. Nawapenda kwa hilo. Watu ambao umati uliwadhania hawana lugha walieleza kwa hakimu walilipwa nini, walinyimwa nini na siku gani.

Kule St. Louis, hatua chache kutoka kwa Wafilipino, alikuwapo kijana kutoka misitu ya Kongo, Ota Benga. Watu wake walikuwa wameuawa na jeshi la Mfalme Leopold wa Pili, na Samuel Verner, Mmarekani aliyetumwa kutafuta Wambilikimo kwa ajili ya maonyesho, alimpata mikononi mwa wauza watumwa na kumnunua. Alirudi Kongo baada ya maonyesho, kisha akaenda tena Marekani na Verner. Septemba 1906 alifungiwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na maelfu ya watu wakaja kumtazama. Wachungaji weusi wa mji ule, wakiongozwa na James Gordon, walipinga mpaka akatolewa. Alipelekwa Lynchburg, Virginia, akafanya kazi katika kiwanda cha tumbaku. Alitaka kurudi nyumbani. Vita vya dunia vikafunga bahari. Machi 20, 1916 alijipiga risasi.

Leopold huyo huyo alikuwa amekwisha kufanya maonyesho yake. Mwaka 1897 alileta Wakongo 267 katika bustani ya Tervuren, karibu na Brussels. Majira ya joto ya mwaka ule yalikuwa ya mvua na baridi. Saba walifariki, na majina yao yapo: Ekia, Gemba, Kitukwa, Mpeia, Zao, Samba na Mibange. Mwanzoni walizikwa pasipo heshima; leo makaburi yao yako kando ya kanisa la Tervuren. Na msomaji asidhani mambo haya yaliisha na zama za farasi. Mwaka 1958, katika maonyesho ya dunia ya Brussels, Wabelgiji walijenga tena kijiji cha Wakongo, na watazamaji wakawarushia ndizi na karanga. Waliondoka kabla ya maonyesho kwisha. Miaka miwili baadaye Kongo ilikuwa huru.

Nirudi Berlin, maana wapo watu wetu waliofika huko si kwa kuonyeshwa, na wao pia hawakuepuka macho. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikwenda mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za mashariki. Sehemu kubwa ya kitabu Desturi za Wasuaheli, kilichochapwa mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten, ni kazi ya Mtoro. Hapo ndipo utakuta ndoa, unyago, deni, ugonjwa na mazishi ya pwani vikielezwa na mtu aliyevijua, bila uzio wala kiingilio. Mwaka 1904 alioa Mjerumani, Bertha Hilske. Walipojaribu kurudi nyumbani mwaka 1905 wenye mamlaka ya koloni hawakuwaruhusu kushuka, kwa sababu Mwafrika mwenye mke Mzungu aliharibu hesabu zao. Mwalimu huyo alimaliza maisha yake Ujerumani mwaka 1927.

Na yuko Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi kama Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akawa askari mtoto katika jeshi la Wajerumani vita vya kwanza, na mwaka 1929 akafika Berlin kudai malipo ya baba yake na ya kwake. Hakulipwa. Akahudumu mezani katika jumba la starehe, akafundisha Kiswahili, akaigiza filamu. Mwaka 1941 alicheza katika filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule yule ambaye mwaka wa Treptow bunge lilisikia jinsi alivyowanyonga Mabruk na Jagodja. Mwaka huo huo Wanazi walimkamata kwa sababu ya uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, wakampeleka kambi ya Sachsenhausen. Alifia huko Novemba 24, 1944. Mbele ya nyumba aliyoishi Berlin kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake, kilichopachikwa katika njia ya miguu mwaka 2007.

Mwaka ule ule wa 1896, ng'ambo ya maji haya ninayoyaona kutoka Guta, alizaliwa Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alisoma misheni, akafanya kazi ya ukarani na ukatekista, na mwaka 1945 akamaliza kuandika kwa Kikerewe kisa cha Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitabu hicho kinamchukua msomaji mpaka ndani: jinsi ya kujenga nyumba, kutega samaki, kuchunga, kupika pombe ya ndizi, kumtibu mwanamke asiyepata mtoto, kumwomba radhi mkwe. Waandaaji wa Treptow walidai wanawaonyesha Wazungu maisha ya watu wa nchi hii. Kitereza aliyaandika maisha hayo kwa ajili ya watoto wa Ukerewe, akijua yanapotea. Alisubiri miaka 35. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili ilitoka mwaka 1980, naye akafariki mwaka uliofuata. Kama shule za Bunda zingekuwa na nakala moja tu ya kitabu hicho kwa kila darasa la juu, nisingekuwa na haja ya kuandika nusu ya makala hii.

Huku kwetu nasi sasa tunaishi na macho ya wageni. Magari ya utalii yanapita barabara kuu kuelekea lango la Ndabaka la hifadhi ya Serengeti, na vijana wa vijiji vya jirani wanaalikwa kucheza ngoma mbele ya watu wenye kamera. Sikubaliani na wale wanaosema kila ngoma ya watalii ni Treptow mpya. Kijana anayepanga bei yake, anayevaa nguo zake baada ya ngoma na kurudi nyumbani kwake jioni, ana kitu ambacho wale 106 hawakuwa nacho. Lakini swali la nani anashika fedha, na nani anaeleza ngoma ile inahusu nini, liko pale pale walipoliacha Waigorot mahakamani. Pale Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, jamii mbalimbali zimekuwa zikialikwa kuonyesha zenyewe vyakula, nyumba na ngoma zao kwa Watanzania wenzao, na Bujora, karibu na Mwanza, Wasukuma wana makumbusho yao. Huko mwenye ngoma ndiye mwenye maelezo.

Treptow yenyewe imeanza kusema. Tangu mwaka 2017 makumbusho ya eneo hilo yana maonyesho ya kudumu kuhusu wale 106, yaliyoandaliwa pamoja na vyama vya watu weusi wa Ujerumani. Picha za Luschan ziko ukutani, safari hii na majina na habari za maisha ya waliopigwa picha, kadiri zilivyopatikana. Wengi ambao habari zao zimejaa ni wa Kamerun na Namibia, kwa sababu familia zao na wanahistoria wa kwao walizitafuta. Wa Afrika Mashariki wana mistari michache. Majina wanayo.

Kipimo cha Luschan hakikuishia kwa walio hai. Kwa miaka mingi baada ya maonyesho aliwaandikia maofisa, madaktari na wasafiri wa makoloni wamletee mafuvu, nao wakafukua makaburi na kukata vichwa vya walionyongwa. Mkusanyiko huo ulibaki Berlin. Mwaka 2023 watafiti walitangaza matokeo ya kuchunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki: 904 yalitoka Rwanda, 202 Tanzania, 22 Kenya. Walichukua pia vipimo vya vinasaba vya baadhi ya mafuvu na vya wazao wanaoishi Kilimanjaro. Fuvu moja, lililoandikwa neno Akida, lililingana kabisa na mwanamume wa Kichaga aliye hai. Lilikuwa la mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Moshi aliyenyongwa Machi 2, 1900. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja Songea na kuomba radhi kwa yaliyotendwa katika vita vya Maji Maji.

Familia za Kichaga zilizotoa mate yao kwa vipimo zilitaka jambo moja, kuwazika watu wao. Yaliyobaki katika mafuvu yale 202 yana namba, na mengine yana jina la wilaya au la afisa aliyeyatuma. Ziwa hili lilikuwa na vituo vya Wajerumani Mwanza, Bukoba na Shirati, na maofisa wake waliandikiana na makumbusho ya Berlin kama wenzao wa Kilimanjaro. Barua hizo zipo, kwa Kijerumani, katika kumbukumbu za Berlin na nyingine katika kumbukumbu za taifa Dar es Salaam. Zinasubiri watu wa huku wazisome.